Hataza kabla ya mashindano au baada? Jibu kwa wavumbuzi watatu

Swali: "Sisi ni vijana watatu. Tumetengeneza kifaa kidogo kinachofungwa kwenye pampu ya maji. Kinasikiliza mtetemo wa mota, kinapima umeme unaoingia, kisha kinamwonya mwenye pampu kabla haijaharibika. Baada ya wiki sita tunaingia kwenye mashindano ya ubunifu, na mwekezaji mmoja ametuuliza kama tuna hataza. Fedha tuliyonayo haitoshi kufanya kila kitu. Rafiki mmoja anatushauri tuchukue hataza ya dunia nzima, mwingine anasema hataza ni kupoteza pesa, tukimbilie sokoni. Vifaa viwili tumeshampa mteja ajaribu, na mwezi uliopita tuliweka video fupi mtandaoni. Programu, ambayo modeli yake imefundishwa kwenye seva kwa sauti za pampu tulizorekodi, iliandikwa na jamaa yetu ambaye tulimlipa kidogo, si mwenzetu katika kampuni. Tuanzie wapi?"

Ndugu zangu,

Anzieni na jambo mliloliweka mwisho kana kwamba ni dogo: huyo jamaa aliyeandika programu. Kabla hamjagusa hataza (yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wenu), mashindano wala mwekezaji, mfuateni na karatasi mkononi. Kulipia kazi si sawa na kuimiliki. Katika nchi nyingi, programu anayoiandika mwajiriwa akiwa kazini ni ya mwajiri, lakini mtu wa nje aliyepewa kibarua hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi yenye sahihi. Mlicho nacho leo pengine ni ruhusa ya kuitumia, tena ruhusa ya kudhaniwa tu. Na kama kuna sehemu ya uvumbuzi wenyewe aliyoibuni yeye, yaani hakuandika tu kile mlichomwelekeza, basi ni mvumbuzi na jina lake lazima liwemo kwenye ombi la hataza, mpende msipende. Msifanye na kinyume chake, mkamwingiza mlezi au mfadhili kwenye orodha ya wavumbuzi kwa heshima. Orodha hiyo si ya shukrani.

Hati yenyewe iseme kwamba haki zote zinahamishwa kwa kampuni sasa hivi, kwa sahihi hii. Isiseme kwamba jamaa "anakubali kuzihamisha" siku fulani ijayo. Tofauti hiyo inaonekana kama ubishi wa mawakili mpaka uone ilichokifanyia Chuo Kikuu cha Stanford. Mtafiti wake alikuwa ameahidi kukihamishia chuo haki za uvumbuzi wake. Baadaye, alipokwenda kujifunza mbinu katika kampuni ya Cetus, akatia sahihi karatasi nyingine iliyozihamisha papo hapo. Mahakama ya rufani ikaona karatasi ya pili imeishinda ya kwanza, na kampuni ya Roche, iliyokuwa imenunua biashara ya mbinu hiyo kutoka Cetus, ikawa na haki yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ikakataa hoja ya chuo kwamba sheria ya utafiti unaofadhiliwa na serikali inakipa umiliki moja kwa moja. Chuo chenye jeshi la mawakili kimenaswa hapo, sembuse watu watatu waliopatana na jamaa yao kwa ujumbe wa simu. Ninyi watatu pia mtie sahihi hati kama hiyo kwa kampuni, maana mmoja wenu akiondoka kwa hasira mwakani, ataondoka na kipande chake.

Mkiwa naye, mwombeni orodha ya vipande vya programu huria, yaani zilizoachwa wazi kwa umma kwa masharti, alivyovitumia na leseni za kila kimoja. Baadhi ya leseni hizo zinadai kwamba ukimpa mtu programu yako, umpe na msimbo wake, yaani maandishi yake ya ndani. Mwekezaji makini atauliza hilo, na ni afadhali mlijue kabla yake.

Sasa lile la kuonyesha kitu hadharani. Uvumbuzi hupewa hataza ukiwa mpya, maana yake siku mnapowasilisha ombi, mahali popote duniani pasiwe pameshatolewa hadharani maelezo yanayoufichua. Maelezo yenu wenyewe yanahesabiwa pia. Watu wengi hawaamini nikiwaambia hivyo, wanafikiri sheria hii ni ya kumzuia mwizi. Marekani, Japani na Korea Kusini zinampa mvumbuzi miezi 12 ya msamaha tangu alipojifichua mwenyewe. Ulaya haitoi msamaha huo ila katika hali chache mno, kama vile mtu kuwafichulia kwa hila. Kwa hiyo atakayepanda jukwaani kwanza na kuwasilisha baadaye amejifungia soko la Ulaya kwa dakika kumi za makofi.

Video yenu itazameni upya, polepole, kwa jicho la fundi mshindani. Kama inaonyesha kasha limefungwa kwenye pampu na onyo linaingia kwenye simu, imesema kifaa kinafanya nini, haikusema kinafanyaje. Hapo mna nafasi nzuri bado. Kama mlifungua kasha, mkaonyesha vihisi vilivyopangwa na mkaeleza kwa mdomo jinsi mnavyolinganisha mtetemo na umeme, hilo ni jambo jingine, na wakala wenu wa hataza, yaani mtaalamu wa kuandika na kuwasilisha maombi, lazima alijue siku ya kwanza. Kuifuta hakurudishi kitu, ila hakuna faida ya kuiacha ikiendelea kutazamwa. Hifadhini nakala yake pamoja na tarehe.

Vile vifaa viwili vilivyo kwa mteja vinanitia wasiwasi zaidi kuliko video. Kitu ambacho mtu asiyefungwa na usiri anaweza kukifungua na kukichunguza huhesabiwa kuwa kimeshatolewa hadharani, hata kama hajawahi kukifungua. Kuna shauri la zamani la Marekani, lililoamuliwa mwaka 1881, kuhusu mvumbuzi wa vyuma vya kukazia vazi la ndani la kike. Alimpa rafiki yake wa kike avivae mwaka 1855, naye hakuomba hataza mpaka 1866. Mahakama ikasema vilitumika hadharani, ingawa hakuna mtu barabarani aliyeweza kuviona. Kwenu inategemea mlikubaliana nini na mteja. Kama mlielewana kwa mdomo kwamba ni majaribio ya siri, mwombeni athibitishe hivyo kwa maandishi ya tarehe ya leo. Msirudishe tarehe nyuma hata mkishawishiwa, kwa sababu hati ya kughushi ikigundulika mahakamani itaangusha na yale yaliyokuwa ya kweli. Kama mlimuuzia bila masharti yoyote, mwambieni wakala ukweli huo, na tarehe ya kumkabidhi iandikwe kwa wino mzito, kwani huenda ndiyo inayohesabia ule msamaha wa miezi 12 pale unapotolewa.

Jibu langu basi kwa swali la msingi: wasilisheni ombi moja, zuri, kabla ya mashindano. Moja tu, si mrundo. Wiki sita zinatosha mkianza leo, na hazitoshi mkianza wiki ya tano.

Kwa nini moja linatosha? Kwa sababu hataza ya dunia nzima anayoizungumzia rafiki yenu haipo. Hataza ni haki ya nchi kwa nchi, au ya kundi la nchi pale penye ofisi ya kikanda, kama Ofisi ya Hataza ya Ulaya, au ARIPO na OAPI kwa makundi ya nchi za Afrika. Kilichopo ni saa. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unasema ukishawasilisha ombi la kwanza katika nchi mwanachama, una miezi 12 ya kwenda kwa nchi nyingine wanachama na kuhesabiwa kana kwamba ulifika kwao siku ileile ya kwanza. Siku hiyo inaitwa tarehe ya kipaumbele. Kabla miezi hiyo haijaisha mnaweza kuingia kwenye Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ule wa mwaka 1970 unaojulikana kwa herufi PCT na wenye nchi zaidi ya 150. Huo nao hautoi hataza, unasogeza mbele siku ya kulipa. Ombi la PCT linawapa mpaka mwezi wa 30 tangu tarehe ya kipaumbele, na kwa baadhi ya ofisi mwezi wa 31, kabla ya kuchagua nchi na kubeba gharama za tafsiri, mawakala na ada za kila moja. Njiani mnapata ripoti ya utafutaji na maoni ya mtaalamu kuhusu upya wa uvumbuzi wenu. Kwa kampuni changa, hii miaka miwili na nusu ndiyo bidhaa yenyewe mnayoinunua. Mnanunua muda wa kujua kama kuna anayetaka kifaa hiki, na yuko wapi.

Ila saa hiyo inalinda kile tu kilichoandikwa. Hapa ndipo pesa kidogo hupotea bure. Marekani ina ombi la muda ambalo halichunguzwi wala halilazimiki kuwa na madai rasmi (nitayaeleza hapa chini), na nchi kadhaa zina namna yake. Watu huchukua karatasi za maonyesho yao kwa wawekezaji, huziwasilisha kama zilivyo, halafu huandika kila mahali kwamba hataza inasubiriwa. Mwaka ukipita na ombi kamili likiandikwa, linagundulika kuwa lina mambo mengi ambayo lile la kwanza halikuyataja, na mambo hayo hayapati tarehe ya kwanza. Katikati hapo mvumbuzi ameshapanda majukwaa manne akiyaeleza.

Andikeni kwa hiyo kila namna mnayoweza kufikiria ya kukifanya kifaa hiki, hata zile msizozipenda. Kihisi kikifungwa kwa sumaku, kwa gundi, kwa skrubu. Kikiwa kwenye mota, kwenye bomba, kwenye kitako. Onyo likitoka kwa taa, kwa sauti, kwa simu. Wekeni michoro, vipimo na viwango vya kuanzia na kuishia. Halafu madai, yale maneno ya mwisho wa ombi yanayoweka mpaka wa haki yenu, yaandikwe na mtu anayejua kazi hiyo. Kanuni yake ni rahisi na katili. Ili mshindani awe ameingia kwenye mpaka wenu, lazima kifaa chake kiwe na kila kitu kilichotajwa kwenye dai, au kilicho sawa nacho. Dai lenu la kwanza likisema "kihisi kilichofungwa kwa sumaku", atakayetumia gundi huenda akapita akiwapungia mkono. Sumaku iwekwe kwenye dai la pili au la tatu, kama ngome ya kurudi nyuma iwapo mchunguzi atalikataa la kwanza kwa kuwa ni pana mno. Nikibanwa nichague mahali pamoja pa kutumia fedha yenu, nitachagua hapa: saa za wakala mzuri akiandika maelezo na madai.

Kabla ya kumwona, fanyeni utafutaji wenu wenyewe, ni bure. Hifadhidata ya PATENTSCOPE ya WIPO, yaani Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, na ile ya Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ziko wazi kwa kila mtu, na ya pili ina hati zaidi ya milioni 140. Msitafute kwa maneno peke yake, kwa maana mwandishi wa hataza huweza kuiita pampu "mashine ya kusukumia kimiminika" na msiipate kamwe. Tumieni alama za uainishaji. Kwa kifaa chenu anzeni na F04B 51, ambayo ni majaribio ya pampu, kisha G01H, upimaji wa mitetemo, na G01M 13, majaribio ya sehemu za mashine. Kusikiliza mota ili kujua ugonjwa wake ni wazo la siku nyingi, mtakuta hati nyingi, msikate tamaa. Kinachotafutwa ni kile ambacho ninyi mnakifanya na wao hawakufanya, na ambacho fundi wa kawaida asingekifikia kwa kuunganisha tu hati mbili za zamani. Kwa maelezo yenu nadhani kiko kwenye namna mnavyotumia umeme kuondoa kelele ya mtetemo, ila ninyi ndio mnaojua.

Utafutaji huo una kazi ya pili ambayo wavumbuzi wengi huisahau. Hataza inakupa haki ya kumzuia mwingine. Haikupi ruhusa ya kufanya. James Watt, pamoja na hataza yake ya injini ya mvuke ya mwaka 1769, alipotaka injini izungushe gurudumu alikuta James Pickard ameshapata hataza ya kutumia mkono wa kombo (crank) kwa kazi hiyo mwaka 1780. Hakumlipa. Alitafuta njia nyingine, mpango wa gia moja kuizunguka nyingine, akaupatia hataza mwaka 1781. Nanyi mnaweza kuwa na hataza halali kabisa na bado mkawa mnakanyaga ya mtu. Mkikuta hati inayowatisha, angalieni mambo matatu: madai yake, nchi zake, na kama ada zake bado zinalipwa. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilishwa, lakini nyingi hufa mapema kwa sababu mwenyewe ameacha kulipa. Iliyokufa ni elimu ya bure, itumieni.

Kuhusu programu na ile hazina ya sauti za pampu mlizorekodi, ushauri wangu ni tofauti: fungeni mdomo. Programu ya kompyuta kama programu tu haipewi hataza Ulaya, na Marekani mlango ulibanwa sana na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2014 katika shauri la kampuni ya Alice. Msimbo wenu tayari unalindwa na hakimiliki bila kusajili popote, ila hakimiliki inazuia kunakili, haizuii mtu kuandika wake unaofanya kazi ileile. Mimi hujiuliza swali moja: mshindani akiiba jambo hili, nitaligundua nikinunua kifaa chake na kukifungua? Mpangilio wa vihisi nitauona, kwa hiyo uende kwenye hataza. Namna modeli ilivyofundishwa kwenye seva yake sitaiona kamwe. Nikiiweka kwenye hataza nitakuwa nimemfundisha, maana ombi huchapishwa kwa kawaida miezi 18 tangu tarehe ya kipaumbele, halafu sitakuwa na ushahidi wa kumshtaki.

Siri ya biashara haina tarehe ya kuisha, lakini sheria inailinda tu kama mwenyewe ameilinda. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki ubunifu, unataka iwe siri kweli, iwe na thamani kwa kuwa ni siri, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuitunza. Nani ana nenosiri la seva? Jamaa yenu bado analo? Rekodi ziko kwenye kompyuta ya nani? Mahakamani haya ndiyo yataulizwa, si mapenzi mliyokuwa nayo kwa siri yenu. Na mtu akiigundua mwenyewe kwa njia halali, hamna la kumfanya.

Jina la kifaa ni rahisi kuliko yote haya, na kwa biashara nyingi huishia kuwa na thamani kuliko hataza. Tafuteni kwanza kama halijachukuliwa, sajilini alama ya biashara katika nchi mtakayouza, na mkumbuke kwamba kwa alama ule muda wa kipaumbele ni miezi 6, si 12.

Rafiki yenu wa pili, yule wa kukimbilia sokoni, ana hoja ambayo sitaipuuza. Hataza haijitetei. Robert Kearns, mvumbuzi wa wiper za gari zinazofuta kwa vipindi, aliishtaki Ford mwaka 1978 na shauri likaisha mwaka 1990 kwa malipo ya dola milioni 10.2. Ni fedha nyingi, lakini hesabu miaka. Kampuni changa isipange biashara yake juu ya kesi itakayoshinda. Hataza kwenu ina kazi nyingine za karibu zaidi: kumfanya mshindani mkubwa afikirie kununua au kukodi badala ya kunakili, kutolewa leseni kwa mtengenezaji wa pampu, na kuwa kitu cha kukabidhi siku kampuni inapouzwa. Kama hamuoni hata moja kati ya hizo ikitokea kwenye soko lenu, basi yeye amesema kweli na mimi nitakaa kimya.

Kwa mwekezaji, msiseme "tuna hataza" kama mna ombi tu. Katika nchi nyingi kudai hivyo ni kosa kisheria, na yeye atakagua. Mwambieni: ombi limewasilishwa tarehe fulani, haki zote ziko kwa kampuni, hati zipo. Wawekezaji wengi hukataa kutia sahihi mkataba wa usiri mkutano wa kwanza kwa kuwa husikia mawazo yanayofanana kila wiki, msilichukulie kama tusi. Semeni kifaa kinafanya nini, kinaokoa nini. Yaliyo ndani ya seva yabaki ndani ya seva, hata kama ombi mmeshaliwasilisha. Fomu ya mashindano nayo isomeni mpaka mwisho, hasa kifungu kinachosema waandaaji wanaruhusiwa kufanya nini na kazi za washiriki. Kuna mashindano ambayo zawadi yake ni ndogo kuliko kinachochukuliwa.

Baada ya hapo uzeni, mkiwa na kalenda ukutani. Mwezi wa kumi tangu kuwasilisha ombi, kaeni na wakala. Kama wateja wamekuja, au mtengenezaji mmoja anaulizia leseni, ingieni PCT. Kama mmebadilisha kifaa sana, maboresho yaandikiwe ombi jipya kabla hamjayaonyesha. Kama soko limenyamaza, mnaweza kuliondoa ombi kabla halijachapishwa, na yale mliyoyaandika ambayo hamkuyaonyesha popote yatabaki siri yenu, tayari kuwasilishwa tena siku nyingine kwa tarehe mpya. Mliyoyaonyesha jukwaani hayatarudi. Ndiyo maana siku ya mashindano ningependa mtu wenu mmoja akae nyuma ya ukumbi na daftari, aandike kila kilichosemwa na kila kilichooneshwa, pamoja na majibu ya maswali, kwa sababu mwaka mmoja baadaye hakuna atakayekumbuka sawasawa, na wakala atauliza.